Mashauri ya Bara Hindi juu ya Kijiji na Mtu Mmoja

Wazee wetu walisema, "Penye wazee haliharibiki neno." Na wazee wale wale walisema pia, "Mnyonge hana haki." Methali ya kwanza yatufundisha kulitumaini baraza la kijiji, ya pili yatuonya kwamba katika baraza hilo hilo yuko mtu akaaye nyuma, ambaye neno lake halisikilizwi. Watu wengi huzitumia methali hizi mbili, ya kwanza siku ya kushinda daawa, na ya pili siku ya kushindwa, wala hawajiulizi zawezaje kukaa katika kinywa kimoja. Lakini watu wanaoitungia nchi sheria hawawezi kulikwepa swali hilo. Hawana budi kuamua: nguvu iwekwe wapi? Iwekwe mikononi mwa kijiji, ili watu wajitawale kwa desturi zao? Au iwekwe mikononi mwa mtu mmoja mmoja, ili hata aliye mdogo kabisa awe na ngao mbele ya wakubwa wa kijiji chake?

Swali hili lilishindaniwa waziwazi katika Bara Hindi, yaani nchi ya India, katika miaka ya 1946 hata 1949, wakati Wahindi walipokuwa wakitunga katiba, ndiyo sheria kuu ya nchi yao. Wahindi twawajua kwa maduka yao, na kwa ile reli ya kutoka Mombasa ambayo maelfu yao waliletwa kuijenga tangu mwaka 1896. Lakini mashauri ya kwao hatuyajui sana. Twaona yafaa tuyaeleze hapa, kwa kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa vijijini kama sisi, na neno hili latuhusu.

Baraza la watu watano

Tangu zamani vijiji vya Bara Hindi vilikuwa na baraza lililoitwa panchayati. Jina hili latoka katika neno lenye maana ya "tano", kwa kuwa wazee watano walihesabiwa kuwa watosha kukata shauri. Waliamua mambo ya mipaka ya mashamba, maji, madeni na ugomvi wa ndoa. Kijiji kilikuwa na mkuu wake, na mwandishi wa hesabu za mashamba, na mlinzi, na mfinyanzi, na seremala, na mhunzi, na dobi, na kinyozi, na mtu wa kutengeneza ngozi. Kila mmoja alifanya kazi aliyoirithi kwa baba yake, akapewa fungu lake la nafaka wakati wa mavuno.

Mwaka 1830 Mwingereza mmoja mwenye cheo, jina lake Charles Metcalfe, aliandika taarifa juu ya vijiji hivyo. Alivisifu kwamba ni kama jamhuri ndogo ndogo, kila kimoja kikiwa na karibu vitu vyote kinavyohitaji. Wafalme huja na kuondoka, dola huanguka, lakini kijiji hubaki pale pale. Maneno yake yalisomwa na wengi, hata Wahindi wenyewe wakayapenda na kuyakumbuka zaidi ya miaka mia.

Siku hizo nchi ilikuwa chini ya Kampuni ya Waingereza, na tangu mwaka 1858 ikawa chini ya mfalme wa Uingereza. Chini ya utawala huo mahakama za serikali zilichukua mashauri mengi ya wazee, na watoza kodi wakachukua hesabu za mashamba. Panchayati zikadhoofika. Basi Wahindi walipoanza kudai uhuru wao, wengi walisema moyoni: tukipata uhuru, na kijiji nacho kirudishiwe heshima yake.

Maono ya Gandhi

Mtu aliyesema hivyo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1869. Alijifunza sheria London, kisha akaenda Afrika ya Kusini mwaka 1893, akakaa huko, isipokuwa kwa safari chache, hata mwaka 1914, akiwatetea Wahindi walioonewa. Mwaka 1909, alipokuwa merikebuni akirudi Afrika kutoka London, aliandika kitabu kidogo kwa lugha ya Kigujarati kiitwacho Hind Swaraj, maana yake kujitawala kwa Bara Hindi. Aliandika kwa haraka sana, hata mkono wa kuume ulipochoka akaendelea kwa mkono wa kushoto. Katika kitabu hicho alisema kwamba kuwafukuza Waingereza na kubaki na serikali ya namna ile ile si uhuru. Uhuru wa kweli ni mtu kujitawala nafsi yake, na watu kuyaendesha mambo yao wenyewe mahali wakaapo.

Baadaye, katika miaka ya 1942 na 1946, alieleza zaidi. Kila kijiji kiwe jamhuri, kilime chakula chake na kufuma nguo zake. Panchayati ya watu watano ichaguliwe kila mwaka na watu wazima wote, wanaume na wanawake. Alisema serikali isifanane na mnara ambao kilele chake huelemea walio chini, bali ifanane na duara za maji: kila duara ikizungukwa na nyingine kubwa zaidi, na katikati yake awepo mtu mmoja aliye tayari kujitoa kwa ajili ya kijiji chake.

Msomaji aangalie neno hili. Gandhi hakutaka kijiji cha zamani kirudi kama kilivyokuwa. Alikemea sana desturi ya kuwatenga watu wa chini, akasema ni dhambi. Lakini alitumaini kwamba mioyo ya wakubwa itageuka, na ya kwamba kijiji, kikiisha kutakaswa, kitamlinda kila mtu wake. Hapo ndipo aliposimama mtu mwingine kumpinga.

Bwawa la Mahad

Katika desturi za Wahindu watu wamegawanyika kwa matabaka, na mtu hukaa katika tabaka alilozaliwa. Chini kabisa walikuwako mamilioni ya watu waliohesabiwa kuwa najisi hata wasiguswe. Hao ndio waliofagia vyoo, waliobeba mizoga, waliochuna ngozi. Kwa desturi nyumba zao zilikuwa nje ya kijiji. Hawakuingia katika hekalu, na kwenye kisima cha watu wote hawakuruhusiwa kutia ndoo. Katika panchayati hawakuwa na kiti, bali waliitwa kupewa amri.

Bhimrao Ramji Ambedkar alizaliwa katika watu hao mwaka 1891. Baba yake alikuwa askari na mwalimu katika jeshi. Shuleni mtoto huyu alikaa peke yake juu ya kipande cha gunia, na akiona kiu hakuruhusiwa kuugusa mtungi. Hana budi kungoja mtumishi wa shule ammiminie maji, na mtumishi asipokuwapo alishinda na kiu. Lakini alikuwa na akili nyingi. Mtawala wa Baroda alimlipia masomo, akaenda New York mwaka 1913, kisha London, akapata shahada za juu kabisa pamoja na uwakili. Mwaka 1917 alirudi Baroda kufanya kazi kwa mtawala wake, na pamoja na elimu yake yote hakupata nyumba ya kulala. Mahali alipopanga walipomjua ni wa tabaka gani wakamtoa.

Mwaka 1923 Baraza la Kutunga Sheria la Bombay liliazimu kwamba mabwawa na visima vya serikali vifunguliwe kwa watu wote. Mji mdogo wa Mahad ukakubali mwaka 1924 kwamba bwawa lake liitwalo Chavdar liwe wazi kwa wote. Lakini azimio lilikaa katika karatasi. Ng'ombe walikunywa katika bwawa lile, wasioguswa hawakunywa. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliwaongoza maelfu ya watu wake, wakaenda kwa utaratibu mpaka ukingoni, naye akateka maji kwa mkono akanywa, na wote wakanywa.

Nini kilifuata? Watu wa matabaka ya juu waliwapiga, kisha wakalitakasa bwawa kwa mitungi 108 ya maziwa, mavi na mkojo wa ng'ombe, kwa kuwa waliona limetiwa unajisi. Na mwezi wa Agosti mwaka ule ule halmashauri ya mji ikalitangua azimio lake la 1924. Shauri likaenda mahakamani, likakaa huko miaka, hata mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa haki wasioguswa.

Mambo hayo hayakutokea gizani. Halmashauri ya mji iliyafanya kwa kupiga shauri, na walio wengi walikuwa wameridhika. Methali yetu yasema, "Wengi wape." Katika Mahad wengi walipewa, na mtu mwenye kiu akanyimwa maji. Tangu siku hizo Ambedkar hakukubali tena kwamba wingi wa watu wa mahali watosha kuwa ndiyo haki.

Mapatano ya gerezani

Watu hawa wawili waligongana mwaka 1932. Mwezi wa Agosti serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wasioguswa watachagua wajumbe wao peke yao, kwa kura ya peke yao. Ambedkar alikuwa ameliomba jambo hilo. Gandhi, aliyekuwa amefungwa gerezani Yerwada katika mji wa Poona, alilikataa. Alisema litawakata Wahindu vipande viwili milele, akaapa kufunga kula mpaka kufa. Alianza tarehe 20 Septemba. Nchi nzima ikashikwa na hofu. Ambedkar alijua kwamba Gandhi akifa, watu wake maskini waliotawanyika vijijini watalipizwa kisasi. Tarehe 24 Septemba akatia sahihi mapatano: wasioguswa watatengewa viti 148 katika mabaraza ya majimbo, lakini wote watapiga kura pamoja.

Wengine walisema Gandhi aliwaokoa Wahindi wasigawanyike. Wengine walisema mnyonge alilazimishwa kuachia kitu chake kwa sababu ya uhai wa mkubwa. Twadhani maneno yote mawili yana kweli ndani yake.

Mashindano ya maneno barazani

Baraza la Kutunga Katiba lilikutana mara ya kwanza mjini Delhi tarehe 9 Desemba 1946. Nchi ikapata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, na siku 14 baadaye ikawekwa kamati ya watu saba kuiandika katiba. Mwenyekiti wake akachaguliwa Ambedkar, yule mtoto wa gunia. Gandhi aliuawa kwa bastola tarehe 30 Januari 1948, kwa hiyo hakuyasikia maneno yaliyofuata.

Tarehe 4 Novemba 1948 Ambedkar aliisimamisha rasimu ya katiba mbele ya baraza. Wajumbe wengine walikuwa wamenung'unika kwamba haikujengwa juu ya panchayati. Akawajibu bila kuficha. Alisema sifa za Metcalfe zimewapumbaza watu. Kijiji kudumu miaka elfu si hoja. Yafaa tuulize kilidumu kwa hali gani. Kwake yeye kijiji kilikuwa shimo la ujinga, na moyo mdogo, na chuki ya matabaka, naye alifurahi kwamba rasimu imekiacha kijiji na kumshika mtu mmoja kuwa ndiye msingi wa nchi.

Maneno hayo yaliwachoma wengi. Katika siku zilizofuata wajumbe walisimama mmoja baada ya mmoja kukitetea kijiji. Walisema wanakijiji ndio waliobeba mzigo wa kupigania uhuru. Ya kwamba kama nguvu zote zikikusanywa katika mji mkuu, Delhi itakuwa bwana mpya mahali pa London. Ya kwamba kijiji kina makosa kwa sababu kimenyimwa elimu na fedha, nacho hakiwezi kupona kwa kudharauliwa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Mtu aliyekaa kijijini ajua kwamba wakati wa njaa, wa msiba na wa moto, aombaye msaada hulia kwa jirani, si kwa waziri.

Basi tarehe 22 Novemba mjumbe K. Santhanam alileta kifungu kipya, kwamba serikali itachukua hatua za kuanzisha panchayati na kuzipa nguvu za kujitawala. Ambedkar alikikubali mara moja, nacho ndicho kifungu cha 40. Siku saba baadaye, tarehe 29 Novemba, kikapita kifungu kingine, ambacho sasa ni cha 17: desturi ya kutokuguswa imekomeshwa, na mtu akiifuata ataadhibiwa. Wajumbe walishangilia kwa kulitaja jina la Gandhi. Na cha 15 kikasema kwamba mtu asizuiwe kwa ajili ya tabaka lake kutumia visima, mabwawa na njia za watu wote. Msomaji ataona maji ya Mahad yamefika hata katika katiba.

Lakini vifungu hivi havikupewa nguvu sawa. Haki ya mtu mmoja, mtu aweza kuidai mahakamani, hata mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi. Bali kifungu cha kijiji kiliwekwa katika fungu la maongozi, ambalo laiagiza serikali la kufanya, lakini hakuna awezaye kuishtaki serikali isipolifanya. Kwa hiyo mtu alipewa hati, na kijiji kilipewa ahadi. Katiba hiyo yenye vifungu 395 ilikubaliwa tarehe 26 Novemba 1949, ikaanza kazi tarehe 26 Januari 1950.

Sehemu ya Wakristo

Yatupasa kusema neno juu ya ndugu zetu Wakristo katika mambo haya. Walikuwa wachache sana kati ya Wahindi, lakini hawakukosa sauti. Makamu wa mwenyekiti wa baraza lile alikuwa Mkristo kutoka Bengal, mwalimu H. C. Mookerjee; na padre mmoja Myesuiti, Jerome D'Souza, alikuwa mjumbe. Kifungu cha 25 kilipotungwa kikampa kila mtu uhuru wa kuikiri dini, kuifuata na kuieneza. Neno hili "kuieneza" lilishindaniwa. Wengine walitaka liondolewe. Wakristo walilishikilia, na Wahindu kadha wa kadha waliwaunga mkono, likabaki. Nao Wakristo, mwaka 1949, walikubali kuachia viti vya peke yao barazani, wakitegemea haki ya kila raia na nia njema ya jirani zao.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Katika makanisa mengi ya Bara Hindi ya kusini tabaka liliingia mlangoni pamoja na waumini. Wakristo waliotoka kwa wasioguswa waliketi upande wao, na wafu wao walizikwa mahali pao. Mwaka 1950 amri ya serikali juu ya matabaka yanayostahili msaada iliwaacha Wakristo hao nje, kana kwamba ubatizo umewaondolea umaskini na dharau ya jirani. Masingasinga waliongezwa mwaka 1956 na Wabuddha mwaka 1990, Wakristo hawakuongezwa. Ambedkar mwenyewe, alipouacha Uhindu mwaka 1956, hakuja kwetu, bali aliingia dini ya Buddha pamoja na watu wengi sana. Kanisa ni kijiji pia, nalo laweza kuwa na watu wake wa nyuma.

Majina ya wanawake

Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanywa kutoka Oktoba 1951 hata Februari 1952. Waliostahili kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 170, na katika kila watu 100 wa nchi ile waliojua kusoma walikuwa kama 18 tu. Kwa hiyo kila chama kilipewa alama, kama vile ng'ombe wawili au taa, nayo ilibandikwa juu ya sanduku lake, ili asiyejua herufi aitie karatasi yake atakapo.

Msimamizi wa kazi hiyo, Sukumar Sen, alikutana na jambo gumu. Wanawake wengi wa vijijini hawakutaka kumtajia mgeni majina yao. Waliandikwa "mke wa fulani" au "mama wa fulani". Sen alikataa: mpiga kura ni mtu, na mtu ana jina lake. Wanawake kama milioni 2 na laki 8 waliobaki bila jina walifutwa katika daftari, wakaikosa kura ile. Uamuzi huo ulikuwa mkali, lakini ulionyesha maana ya katiba mpya kuliko hotuba nyingi. Desturi ilimjua mwanamke kwa mume na kwa mwana. Sheria ilitaka kumjua mwenyewe.

Ahadi iliyokawia

Ile ahadi ya kijiji ilikawia sana. Tarehe 2 Oktoba 1959, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, Waziri Mkuu Nehru alizindua panchayati mpya mjini Nagaur katika jimbo la Rajasthan, na majimbo mengine yakafuata. Lakini katika majimbo mengi hazikupewa fedha, na chaguzi zake ziliahirishwa miaka na miaka, zikanyauka kama mche usiotiwa maji. Hata mwaka 1992 ndipo Bunge lilipoibadili katiba, na badiliko likaanza tarehe 24 Aprili 1993. Tangu hapo panchayati ni lazima kwa sheria, isipokuwa sehemu chache zilizotajwa. Uchaguzi wake ni kila miaka mitano. Baraza likivunjwa, jingine lichaguliwe kabla ya miezi sita kwisha. Na wapiga kura wote wa kijiji wana mkutano wao.

Tena, na hili ndilo kubwa, viti vimetengwa kwa watu wa matabaka yale ya chini kwa kadiri ya hesabu yao kijijini, na viti visivyopungua theluthi moja ni vya wanawake; nafasi za wenyeviti nazo zimetengwa vivyo hivyo. Jimbo la Bihar mwaka 2006 lilizidisha viti vya wanawake hata nusu. Basi baraza la Gandhi lilirudi, lakini likiwa na mlango uliofunguliwa na Ambedkar.

Hatusemi kwamba mambo yamekuwa mema yote. Mahali pengi mwanamke huchaguliwa na mumewe ndiye anenaye barazani. Pengine mwenyekiti wa tabaka la chini huketishwa, na wenye mashamba huendelea kuamuru. Tena yako mabaraza ya ukoo, hasa upande wa kaskazini, yasiyotokana na sheria, ambayo huwaadhibu vijana waliooana kinyume cha desturi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mabaraza hayo hayana haki ya kuingilia ndoa ya watu wazima wawili waliokubaliana. Ambedkar alikwisha kuonya mwezi wa Novemba 1949 kwamba nchi itakuwa na usawa katika kura na kukosa usawa katika maisha, na ya kwamba hali hiyo ikidumu itaihatarisha nyumba yote iliyojengwa.

Malango mawili

Tukitaka kupima maneno ya watu hawa wawili, Maandiko yatupa mizani. Katika kitabu cha Ruthu twasoma jinsi Boazi alivyokwenda langoni mwa Bethlehemu, akaketisha wazee kumi, na shauri la mwanamke mgeni na mjane likakatwa kwa haki mbele ya watu wote. Hilo ndilo lango alilolipenda Gandhi. Lakini katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21, twasoma juu ya mji wa Yezreeli. Huko nako walikuwako wazee. Yezebeli aliwaandikia barua, nao wakaweka mashahidi wa uongo, wakamhukumu Nabothi, wakampiga kwa mawe, ili mfalme apate shamba lake la mizabibu. Hakukuwa na mgeni aliyemwua Nabothi. Waliomwua ni wazee wa mji wake, kwa taratibu zote za baraza. Hilo ndilo lango ambalo Ambedkar hakuweza kulisahau.

Malango yote mawili yalikuwa na viti vile vile na desturi zile zile. Bethlehemu palikuwa na mtu mwema. Yezreeli hapakuwa naye. Na sheria njema ni ile inayomlinda Nabothi hata siku ambayo Boazi hayupo. Hili ndilo fundisho tunaloliona katika mashauri ya Bara Hindi: kijiji chapasa kupewa nguvu, maana watu wasiojitawala nyumbani hawajitawali popote, lakini nguvu hiyo ije pamoja na haki ya mtu mmoja, wala isije kabla yake. Wahindi walianza na haki, wakachelewa kuipa nguvu panchayati, na uchelewaji huo uliwapotezea mengi. Lakini kama wangaliirudisha panchayati ya zamani kwanza, na kumwacha mnyonge angoje, twadhani angengoja hata leo.

Nasi tusomao habari hizi tusikae kuwashangaa Wahindi kwa matabaka yao. Kila mtu na aliangalie baraza la kijiji chake, na la kanisa lake. Ni nani asiyeitwa mkutano ukiwapo? Mjane akidai shamba la marehemu mumewe, wazee humwuliza yeye, au humwuliza shemeji yake? Yuko mtu ambaye ukoo wake hutajwa kwa kicheko, na neno lake hukatwa kabla hajamaliza? Tukimpata mtu huyo, tumwite aketi mbele, tumsikilize mpaka mwisho. Maana haki ya kijiji haipimwi kwa heshima wanayopewa wazee wake, bali kwa usalama wa yule asiye na mtu wa kumsemea.